Mwenye Mjusi

Kila asubuhi swali lilikuwa lile lile, na Sikudhani alilipokea jinsi mtu anavyopokea kikombe cha uji wa moto, kwa mikono miwili na kwa hadhari.

"Wewe nani?"

"Mimi mwenye mjusi, bibi."

"Aa, mwenye mjusi! Si useme basi." Hapo Bi Mwanakheri hukunjua uso, akasogeza miguu yake myembamba, akaacha nafasi ya mtu mmoja pembeni mwa kitanda. "Karibu. Naye hajambo?"

"Hajambo, bibi. Huyu hapa."

Sikudhani huinua kitambaa juu ya debe la biskuti lililotobolewa matundu kwa msumari, na mle ndani, juu ya kipande cha gogo, Karani huinua kichwa chake chenye rangi ya tofali akakitikisa juu chini, juu chini. Alipewa jina hilo kwa sababu aliafiki kila alichoambiwa bila kuuliza. Bi Mwanakheri naye hutikisa kichwa. Huitikiana hivyo kwa muda, mjusi na kikongwe, kama watu wawili waliomaliza kesi ndefu nje ya baraza. Kisha siku ya Sikudhani huanza, kwa maana sasa kuna mtu anayemjua.

Bibi alikuwa amesahau mengi, na aliyasahau kwa mpangilio, kama mtu anayehama chumba baada ya chumba. Kwanza alisahau bei za vitu. Halafu majina ya majirani. Halafu alimsahau binti yake mwenyewe aliyefariki, na pengine hilo lilikuwa huruma. Mwisho alimsahau Sikudhani, mtoto wa binti huyo, aliyemlea tangu ana miaka minne, aliyemsuka nywele, aliyemfundisha kupepeta mchele. Katika nyumba yote ile ya kumbukumbu ulibaki mlango mmoja mdogo usiofungwa, wenye upana wa mjusi, na Sikudhani aliupitia kila asubuhi akiwa ameinama.

Sasa fikiria mji wenyewe. Haukuwa na jina, au ulikuwa nalo na watu wameacha kulitaja kwa sababu hakuna aliyetoka kwenda mahali ambapo angeulizwa. Mara moja kwa mwaka ulikuwa na Siku ya Nje. Siku hiyo kila nyumba ilitoa vyake vyote barabarani: vitanda, kabati, mitungi, saa za ukutani, vioo, mabegi ya barua, wagonjwa pamoja na magodoro yao. Nyumba zilibaki tupu zikapakwa chokaa ndani na nje. Na kulikuwa na masharti mawili. La kwanza, kila chenye kifuniko kifunuliwe, jua lione ndani. La pili, jua likizama kila kitu kirudishwe na kufunikwa, na chochote kilichobaki nje kisiulizwe tena. Hakitafutwi. Hakitajwi. Kimekuwa cha nje.

Nani aliyeamuru? Sikudhani aliwahi kuuliza, akiwa mdogo na bado hajajifunza kuona haya. Aliambiwa, "Ndivyo ilivyo." Baadaye alikuja kufikiri kwamba amri yenye mwenyewe ni nyepesi, hata akiwa mkali namna gani, kwa maana unaweza kumwendea, ukakaa mlangoni pake, ukalia, ukamkuta siku ana mgeni akakusamehe kwa aibu. Amri isiyo na mwenyewe haina mlango. Inakaa ndani ya kila mtu, kwa wastani, kiasi kidogo sana kwa kila mmoja, ndiyo maana hakuna anayejiona kuwa ndiye anayeishika. Kila mmoja ameshika uzi tu. Lakini wavu upo, na samaki wanajua.

Asubuhi ya Siku ile ya Nje majirani wanne walimbeba Bi Mwanakheri na kitanda chake wakamweka barabarani, chini ya anga. Hakushangaa. Aliitazama mbingu kama mtu anayetazama dari la nyumba ya wageni, akiona mahali panapovuja. Sikudhani alitoa mikeka, masufuria, mtungi, sanduku la kanga. Alifunua kila kitu. Debe la biskuti aliliweka miguuni pa kitanda, chini ya kitambaa chake, kama alivyofanya miaka yote bila mtu kuona.

"We Sikudhani!" Aliyeita ni Bi Kidawa, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Alikuwa ameketi kwenye kochi lake katikati ya barabara, miguu ndani ya beseni. "Na hilo debe je? Limefumba macho?"

"Hilo... hilo lina kitu, Bi Kidawa."

"Kila debe lina kitu, mwanangu. Ndiyo maana linafunuliwa. Au unaficha mchumba humo?"

Watu wakacheka. Sikudhani alikuwa mtu wa kuona haya hata mbele ya kuku. Macho yote ya mtaa yalipomgeukia, alihisi joto likipanda kutoka shingoni hadi kwenye nywele, na mkono wake, kabla hajaushauri, ukainua kitambaa, ukainua kifuniko.

Karani alipanda ukingoni. Alikaa pale, nusu ndani, nusu duniani. Alilitazama jua, akatikisa kichwa mara moja, kama kawaida yake, kama aliyeulizwa jambo akaliafiki. Kisha akashuka upande wa pili, akapita chini ya beseni la Bi Kidawa, chini ya safu ya viti vya watu, na akawa hayupo.

"Alaa!" akasema Bi Kidawa. "Kumbe ni kweli una mchumba."

Sikudhani hakucheka. Nyuma yake, kitandani, sauti iliuliza, "Wewe nani?"

Aligeuka. "Mimi mwenye mjusi, bibi."

Bi Mwanakheri alilitazama debe, akaona gogo peke yake. Alimtazama msichana. Alikuwa na adabu siku zote, na adabu ilikuwa haijasahaulika.

"Samahani, bibie," alisema taratibu, akiweka kiganja juu ya ile nafasi ya mtu mmoja pembeni mwa kitanda. "Hapa pana mwenyewe. Ninamngoja."

*

Sikudhani alianza kutafuta kwa kufuata barabara kuteremka, akiinama chini ya kila meza.

"Hamjamwona mjusi? Anaitwa Karani. Kichwa chekundu, mkia mrefu?"

"Mjusi yupi, dada? Wote wako nje leo."

"Muulize paka."

"Huyo ameshapata kazi wilayani huyo, karani mzima."

Alitafuta ndani ya kinu. Alitafuta ndani ya kiatu cha bwana harusi. Mtu alipomwita kwa utani, akisema, "Rudisha ulimi ndani, utakanyagwa!" ndipo alipogundua kwamba anatafuta huku ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, akaurudisha kwa haya, na baada ya hatua tatu ukatoka tena wenyewe.

Katika Siku ya Nje, saa zote za mji husimama barabarani zikiwa zimeegemezwa kwenye viti, na kila moja husema lake. Ndani ya nyumba kila saa ilitawala familia yake na hakuna aliyejua. Huku nje zilitazamana uso kwa uso. Ya mwalimu ilisema saa tatu. Ya fundi cherehani ilisema saa saba. Na barabara nayo, kwa kutotaka kumvunjia heshima yeyote, ilizifuata zote: kwao Sikudhani umande ulikuwa bado juu ya mito ya vitanda, kwa mwalimu watu walikuwa wakinywa chai, kwa fundi cherehani kivuli kilikuwa chini ya nyayo, na mbele zaidi kuta mpya zilikuwa zimeanza kupata ile rangi ya maziwa ya jioni. Kutembea kulikuwa ndiko kuzeeka. Alijua kwamba akifika mwisho wa barabara atakuta jua linazama, na kwamba akirudi nyuma haraka anaweza kuipata asubuhi tena, lakini si asubuhi ile. Hiyo imeshamtoroka mtu.

Vipande vya mawazo vilimjia, bila mpangilio.

Kwamba yeye hakuwa na mjusi. Mjusi ndiye aliyekuwa naye.

Kwamba mtu ni nini, basi? Ni yule anayekumbukwa? Na kama anayekumbuka ameacha, yule wa kwanza anakwenda wapi? Anabaki amesimama barabarani na kitambaa mkononi?

Kwamba miguu inamuuma.

Mbele ya nyumba ya mwalimu palikuwa na kabati la kioo, limesimama kama mlango usio na ukuta. Kiooni alimwona msichana wa miaka saba, magoti yana vumbi, amepiga magoti akichungulia chini ya kitu. Sikudhani alisimama. Msichana akainua kichwa. Ulimi ulikuwa umetokeza pembeni mwa mdomo wake.

"Unatafuta nini?" akauliza mtoto.

"Mjusi wangu."

"Bahati yako. Mimi bado sijampata."

Sikudhani alichuchumaa, wakawa sawa. "Hujampata? Sasa bibi... bibi anakuitaje?"

Mtoto alimwangalia kama mtu aliyeulizwa kama maji yana maji. "Ananiita jina langu. Kwani wewe anakuitaje?"

Kabla hajajibu, wanaume wawili waliliinua kabati, wakasema "Hebu, dada," na kioo kikajaa mbingu.

*

Fundi Makame alikuwa mpakaji chokaa wa mtaa mzima. Alipaka kwa brashi ya nyuzi za mkonge, na kwa kuwa alipaka tangu alfajiri, alikuwa mweupe kuanzia kofia hadi vidole vya miguu, macho tu ndiyo yaliyobaki yake.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Usiegemee hapo, bado mbichi."

"Hujaona mjusi? Mwenye kichwa chekundu."

"Mwekundu sijaona." Alichovya brashi, akafikiri. "Ila kuna jambo limenitia wasiwasi. Nimepaka ukuta pale kwa fundi cherehani, ukuta ukakimbia."

"Ukakimbia?"

"Kipande. Kama urefu wa kiganja. Nikasema Makame, umri huo. Nikaenda nikanywa maji."

Hapo Sikudhani alielewa. Kutwa nzima alikuwa akiuliza habari za kichwa chekundu, akimtafuta Karani wa jana, na Karani wa jana alikwisha pita chini ya brashi. Watu walimpa majibu ya kweli: mwekundu hakuonekana. Sasa alitakiwa kutafuta cheupe juu ya cheupe, katika mji ambao kila ukuta ni mweupe na jua linaupiga usoni.

"Atapatikanaje, fundi?"

"Mimi nikikosa mahali nilipoacha kupaka, sitazami rangi. Rangi hainiambii kitu. Ninasimama tu mpaka ukuta uniambie."

Akasimama naye. Walitazama ukuta wa mwisho wa barabara, mrefu, usio na dirisha. Muda ulipita, au walipita wao. Kulikuwa na ukimya ambao Sikudhani alikuwa hajawahi kuujua, ukimya wa kutoona haya, kwa sababu ukuta haukumtazama. Aliwaza kwamba pengine kutafuta ni kuacha kudai. Unamwambia aliyepotea: sikuagizi uwe ulivyokuwa. Uwe ulivyo, nami nitajitahidi kukujua.

Na ukuta ukatikisa kichwa. Juu chini. Juu chini.

"Karani," alinong'ona.

Alinyoosha mkono polepole, polepole, kisha kwa haraka. Alishika. Alihisi ubaridi, msukosuko, na halafu wepesi. Kiganjani mwake ulibaki mkia mweupe ukicheza peke yake, na juu ya ukuta kitu kifupi kiliruka ukingo kikaenda upande wa pili, kwenye majani, kwenye nchi isiyo na samani.

Sikudhani alilia. Alilia bila sauti, kama watu wenye haya wanavyolia, mabega tu. Fundi Makame alitaka kumpa kitambaa, akakiangalia kilivyojaa chokaa, akakirudisha mfukoni.

"Ameacha mkia, mwanangu. Roho ameondoka nayo," alisema. "Utaota mwingine. Hautakuwa kama ule, utakuwa na kiungo cha ajabu hivi, mfupi. Lakini atautumia."

"Na huu ni wa nani sasa?"

Fundi aliutazama mkia, ambao ulikuwa umeanza kuchoka. "Huo amekuachia wewe ushike, ili yeye aende. Nadhani ni kama zawadi. Sijui. Mimi ni mtu wa chokaa."

*

Alipopanda barabara kurudi, jua lilikuwa linarudi pamoja naye. Zile saa, moja baada ya nyingine, zilichoka kubishana. Alipofika kwao zote zilikuwa zinasema jambo moja, kwamba ni jioni, na watu walikuwa wameanza kufunika. Mlio wa vifuniko ulienda mtaa mzima, bati kwa bati, udongo kwa udongo.

Bi Kidawa alikuwa amesimama njiani akimngoja, uso umesawijika. Mikononi alishika bakuli lililofunikwa kwa bakuli jingine.

"Mwanangu, mimi sikujua. Wallahi sikujua ni mjusi wa bibi. Mdomo wangu huu." Akaupiga mdomo wake kwa vidole. "Basi nimehangaika. Nimemshika huyu nyuma ya choo. Tazama. Kichwa chekundu, mkia mzima. Bora hata kuliko wako."

Alifunua kidogo. Mjusi mgeni alimtazama Sikudhani kwa hasira.

"Siye Karani, Bi Kidawa."

"Wewe unajua, mimi najua. Bibi yako anajua? Mwekee debeni, umtoe kila asubuhi, maisha yaendelee. Mjusi ni mjusi. Na jua hilo linazama."

Sikudhani alilipokea bakuli. Lilikuwa jambo jepesi kabisa, na lilitolewa kwa upendo. Aliona asubuhi ya kesho: wewe nani, mimi mwenye mjusi, aa, karibu. Nafasi pembeni mwa kitanda. Lakini akaona pia kwamba ikiwa mjusi yeyote atatosha, basi siku moja msichana yeyote atatosha; atakuja mwingine na debe, aseme maneno yale yale, na bibi atasogeza miguu. Na nani atasema amekosea? Alikuwa amejiweka mwenyewe katika debe lile, miaka mitatu, na kulifunika kwa kitambaa.

Aliinama akalilaza bakuli chini. Mjusi wa choo akaondoka bila kutikisa kichwa.

"Ah! Sikudhani!"

"Ahsante, Bi Kidawa. Ahsante sana. Lakini hapana."

Ilikuwa mara ya kwanza Bi Kidawa kulisikia neno hilo kutoka kwake, na lilimfanya akae kwenye kochi.

Bado kulikuwa na jua, upana wa ukucha. Sikudhani alijua kwamba Karani ameruka ukuta. Alijua. Lakini magoti yake hayakujua, yakapigwa chini kando ya kitanda cha bibi, na alianza kutafuta upya, mahali pa kwanza kabisa, chini ya kitanda, nyuma ya mtungi, ndani ya mkunjo wa mkeka, si kwa matumaini hasa, ila kwa namna mkono unavyoendelea kupapasa mfuko ambao umekwisha kujua uko mtupu. Nywele zimejaa chokaa. Mkia mkavu umo ndani ya ngumi.

Juu yake kitanda kililia. Bi Mwanakheri alikuwa amejiinua kwa kiwiko na alikuwa anachungulia. Alitazama kwa muda mrefu kisogo kile, shingo ile iliyopinda, shavu lile lililobanwa chini barabarani. Kitu kilipita usoni mwake, kama mtu anayesikia hatua katika chumba alichodhani amekihama.

"Rudisha ulimi ndani, Sikudhani," alisema. "Mara ngapi nikwambie? Siku moja utaung'ata."

Mtaa uliendelea kufunika vifuniko. Sikudhani hakusogea. Aliogopa kwamba akiinuka jina lake litadondoka.

"Bibi?"

"Tangu mdogo. Ukitafuta sindano, ulimi. Ukitafuta shilingi, ulimi. Mama yako alikuwa hivyo hivyo." Alisogeza miguu yake. "Njoo ukae hapa. Umepoteza nini leo?"

"Mjusi, bibi."

"Mjusi gani?" akauliza Bi Mwanakheri.

Waliporudishwa ndani, kuta zilikuwa zinang'aa na kunukia kama mvua. Bi Kidawa alibeba debe mwenyewe, akalitua dirishani, akatafuta kifuniko chake gizani gizani.

"Hilo halifunikwi," alisema Sikudhani.

"Mwanangu, kawaida ni..."

"Najua. Halifunikwi."

Bi Kidawa alisimama na kifuniko mkononi, akimngojea mwenye amri atokee amwambie la kufanya. Hakutokea mtu. Akakiweka kifuniko juu ya rafu, taratibu, kama asiyetaka kumwamsha mwenye amri huyo.

Asubuhi palikuwa na nyayo nne ndogo za chokaa ukingoni mwa debe, zinazoingia, na nne zinazotoka. Sikudhani alizitazama mpaka aliposikia mwendo kitandani.

"Wewe nani?"

Sikudhani aliliacha debe dirishani. Alishuka magotini, akaweka shavu chini kwenye sakafu baridi, akaanza kuchungulia uvunguni, na akamsikia bibi juu yake akivuta pumzi ya kuanza kucheka.